Nina Canon 80D, kakangu ataka nichukue Sony: kamera ya pili ninunue ipi?

Dada, assalaam alaykum.

Mimi ni mpigapicha wa harusi hapa Mombasa, upande wa kina mama tu. Kazi yangu kubwa ni kupamba, usiku ule bibi harusi anapotolewa aonekane na wanawake wenzake. Wanaume hawaingii, na siku hizi familia nyingi zaweka mtu mlangoni wa kuzikusanya simu, maana humo ndani watu wamevua mabuibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka picha yake izunguke mjini kesho yake. Kwa hivyo kamera yangu ndiyo peke yake iliyoruhusiwa.

Natumia Canon EOS 80D, lenzi ya 18-135 iliyokuja nayo, ile ndogo ya 50mm f/1.8, na flashi moja. Picha za mchana, za hina na piko, za bibi harusi chumbani na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, sina taabu nazo. Taabu ni ukumbini. Taa zikizimwa ili bibi harusi aingie, na moshi wa udi umeshatanda, nikipandisha ISO, ile namba ya kuiongezea kamera wepesi wa kuona gizani, picha yajaa chembe. Nikitegemea flashi, moshi wamulikwa wote na vazi la bibi harusi lageuka doa jeupe. Tena siku hizi maharusi wataka na video fupifupi juu ya picha.

Juzi kwenye kazi moja mtoto alinikumba nimesimama kando ya jukwaa, kamera ikanitoka mkononi ikaanguka. Ilizima. Nikatoa betri nikairudisha, nikatoa kadi nikairudisha, mwisho ikawaka. Bibi harusi alikuwa bado hajatoka. Tangu siku ile naingia ukumbini na hofu: ikifa kabisa nitafanya nini? Siwezi kumwita kijana aniletee nyingine, na simu yangu mwenyewe iko mlangoni.

Nimeweka shilingi laki moja na kidogo. Kakangu aliyeko Muscat aniambia niongeze, naye atanitafutia Sony A7 III iliyotumika, kwamba zama za kamera zenye kioo ndani, kama hii yangu, zimekwisha. Bwana mmoja hapa mjini anayeacha kazi hii auza Canon 5D Mark III pamoja na lenzi ya 24-105. Rafiki yangu asema nichukue 80D nyingine basi. Mume wangu asema simu nzuri yatosha. Na moyo wangu, nikwambie kweli, wataka kile kikamera kidogo cha mfukoni nitembee nacho Lamu bila mzigo. Nimechoka kulinganisha namba. Nishauri kama ungemshauri mdogo wako.

Mpigapicha wa kina mama, Mombasa

JIBU

Waalaykum salaam, mdogo wangu.

Nisikuweke: ile 5D Mark III ukiikagua ukaikuta nzima, inunue, na usikubali iachwe lenzi yake ya 24-105. Ukiikuta mbovu, nina jibu la pili, nitalifikia. Sasa nikueleze kwa nini, maana kwa pesa hiyo huwezi kuchukua neno langu hivi hivi.

Barua yako ina haja mbili, na kila anayekushauri amesikia moja tu. Haja ya kwanza ni akiba: kamera moja ikizima saa nne usiku, nyingine ipokee pale pale, mtu asijue. Ya pili ni upungufu wa hiyo uliyo nayo, yaani giza la ukumbini. Rafiki yako amesikia ya kwanza, ndiyo akasema 80D nyingine. Kakako amesikia ya pili, ndiyo akataja Sony. Wewe unatafuta kamera inayotibu giza na wakati huohuo inakubali vitu vyote vilivyomo kwenye begi lako.

Nianze na Sony, kwa kuwa kakako ana nia njema na hoja yake si ya kupuuzwa. A7 III ilitoka 2018, ina sensa (kile kibamba kinachopokea mwanga) ya fremu kamili, yaani kubwa kuliko ya 80D yako, ya megapikseli 24, ina nafasi mbili za kadi, na inafuata jicho la mtu kwa namna ambayo 80D yako haiwezi. Ungekuwa unaanza leo mikono mitupu, nisingebishana naye. Lakini wewe una lenzi za Canon. Kwenye Sony hazikai bila adapta, na lenzi ya Canon kwenye adapta ya Sony hufanya kazi vizuri palipo na mwanga, kisha gizani huanza kutafuta na kusitasita, pale pale penye kidonda chako. Ile 18-135 haifuniki sensa yote ya fremu kamili, kwa hiyo utabaki na kipande cha katikati cha megapikseli kama kumi. Betri ni nyingine, chaja nyingine. Flashi yako ya Canon itawaka juu ya Sony ukiipangia nguvu kwa mkono, ila kupima mwanga yenyewe ndiyo basi. Hiyo si kamera ya pili, mdogo wangu, ni mke wa pili: ataka nyumba yake, vyombo vyake na matumizi yake, na laki yako moja haitoshi nyumba mbili.

Na hili la zama za kioo kwisha? Kiwandani ni kweli. Canon ilianza mdomo mpya wa lenzi, RF, mwaka 2018, na mapya yake yote sasa yanakwenda huko. Lakini lenzi za EF, za ule mdomo wa zamani, zilizoanza kutengenezwa 1987, zinakaa kwenye kamera hizo mpya kwa adapta ya Canon yenyewe na zinafokasi kama kawaida. Maana yake lenzi ya EF utakayonunua leo haitakufia mkononi siku utakapohamia huko. Lenzi za EF-S, zilizotengenezewa sensa ndogo kama 18-135 yako, nazo zitakaa, ila kwa kutumia katikati ya sensa peke yake. Ndiyo maana kila shilingi utakayoweka kwenye lenzi kuanzia leo, ningependa iwe kwenye EF bila hiyo S.

Kakako akisema ataongeza mpaka ifike Canon R6 ya 2020, hapo nitanyamaza nisikilize. Ina nafasi mbili za kadi za SD, sensa yake inatulizwa ndani ya kamera hata mkono ukitetemeka, na betri za 80D yako inazikubali. Kwa bei ninazoziona za mitumba, kwa laki moja na kidogo bado hujaifikia.

Tuje kwenye giza, maana hapa ndipo watu wengi hununua kamera wakati wanachohitaji ni lenzi. Sensa ya 80D ni milimita 22.5 kwa 15. Ya 5D ni 36 kwa 24. Eneo linakaribia kuwa mara mbili na nusu, na mwanga unaokusanywa kwa picha moja unaongezeka vivyo hivyo. Lakini 80D ni ya 2016 na 5D Mark III ni ya 2012, na miaka minne hiyo imepunguza pengo. Kwa kukadiria, chembe utakazoziona 5D ikiwa ISO 6400 ni kama zile unazoziona 80D ikiwa 3200. Ni faida nzuri, ila haitageuza usiku mchana.

Sasa tazama lenzi. Ile 18-135 yako ukiivuta mwisho inakuwa f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo mwanga unaingia zaidi. Ile ndogo ya 50 inafika f/1.8, na inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi! Najua kwa nini hata hivyo huitumii ukumbini: kwenye 80D, kwa udogo wa sensa, 50 inaona kama 80, kwa hiyo ili kumpata bibi harusi na somo wake na yule mwanamke wa chetezo ndani ya fremu moja, ingekubidi urudi nyuma mpaka ukalie mapaja ya wageni. Kwenye 5D lenzi hiyohiyo inaona kama 50 kweli. Utasimama ulipozoea kusimama, uifungue f/1.8 au f/2, na taa zikizimwa utapiga kwa ISO 3200 pale ulipokuwa unahangaika na 12800. Kwa kazi yako hiyo ndiyo faida kubwa ya 5D: inakurudishia lenzi uliyokwisha kuinunua.

Kasoro yake gizani nikwambie pia. Fokasi ya 5D Mark III ina pointi 61 zilizotawanyika vizuri, lakini kwenye giza zito pointi ya katikati ya 80D yako inaona kidogo zaidi kuliko yake. Dawa ni taa nyekundu ya kusaidia fokasi iliyo kwenye flashi. Weka flashi juu ya 5D hata kama umeizuia isiwake, kile kiwavu chekundu kitaisaidia. Na 5D haina ule mpangilio wa kukwepa kucheza kwa taa ulio nao kwenye 80D. Umeme wetu ni hertz 50, taa nyingi za kumbi zinapepesa mara mia kwa sekunde, kwa hiyo shata ishikilie 1/100 au 1/50, usiende 1/160 ukaja kushangaa mistari.

Jambo lililonifanya niegemee 5D zaidi ya yote ni kadi. 80D ina nafasi moja. 5D Mark III ina mbili, moja ya CF (kadi ya kizamani iliyo kubwa zaidi) na moja ya SD, na unaweza kuiamuru iandike kila picha kote kuwili. Wengi hawalijali hili mpaka kadi iwafie, na kadi hufa bila kuaga. Harusi hairudiwi, na kupamba ndiyo kabisa: hata ungetaka kuomba picha kwa wageni, hakuna aliyekuwa na simu. Kwa sababu hiyo siipendekezi 6D Mark II ya 2017, ingawa utasifiwa sana: kioo chake cha nyuma kinageuka kama cha 80D, kinaguswa, video yake inafokasi kwa ulaini, lakini nafasi ya kadi ni moja tu. Video 80D yako tayari inaijua. Huna haja ya kuinunua mara ya pili.

Ila ujue kwamba ile nafasi ya SD kwenye 5D Mark III ni ya polepole, haitumii kasi ya kadi za kisasa. Ukiandika kote kuwili kisha ukafyatua mfululizo, kamera itajaa na kukusubirisha. Fyatua moja moja wakati wa kuingia, usiibanie kama bunduki. Na utahitaji kisomeo cha kadi za CF, kitu ambacho muuzaji mara nyingi anacho kwenye droo na hakumbuki kukupa. Kiombe.

Mgawo wa kazi utakuwa hivi, na sioni haja ya kuufanya mgumu. Bibi harusi anaingia: 5D na 50 mkononi, 80D na 18-135 begani kwa video na kwa nyuso za mbali. Kwenye 80D ile 135 inaona kama 216, unampata mama yake analia upande wa pili wa ukumbi bila kusogea. Wakiwasha taa wakaanza kupanga familia jukwaani, 24-105 inakwenda kwenye 5D, flashi imeelekezwa darini au ukutani, na kazi inaendelea. Kuhusu moshi wa udi, flashi iliyo juu ya kamera ikielekea mbele itamulika moshi siku zote, hilo halina kamera ya kulitibu. Ipeleke pembeni au igongeshe dari. Na vazi jeupe linaloungua, punguza nguvu ya flashi kabla hujalaumu sensa.

Sasa ziue moja moja kichwani. 80D ikianguka tena ikafa, 5D inabaki na 50 na 24-105, umekosa video inayojifokasi tu. 5D ikifa, 80D inapokea lenzi zote tatu. Kumbuka lakini kwamba 18-135 haiingii kwenye 5D hata kwa kubembeleza, mdomo wake umetengenezwa usikubali. Ndiyo maana nasema 24-105 isiachwe. Bila hiyo, siku 80D itakapozima utabaki na 50 peke yake na ukumbi wa watu mia tatu. Betri ni aina moja kwa kamera zote mbili, LP-E6 na LP-E6N zinabadilishana, chaja ni ileile. Swichi ya kuwasha iko kushoto kote kuwili, gurudumu kubwa la nyuma liko kote kuwili, kitufe cha AF-ON cha kufokasi kote kuwili. Gizani kidole kinajua njia bila kuuliza. Kitakachokukera wiki ya kwanza ni kukigusa kioo cha nyuma cha 5D na kisiitike.

Kwenda kuikagua, nenda mchana na uende na lenzi zako, kadi zako na laptopu. Muulize imefyatuliwa mara ngapi, kisha usiridhike na jibu: kuna programu ndogo za kompyuta zinazosoma hesabu hiyo kamera ikiunganishwa kwa waya. Shata ya 5D Mark III imepimwa na kiwanda kwa mara 150,000. Ikiwa imefika laki moja sikatai, bei tu ishuke. Ikiwa imepita laki mbili, muage kwa heshima. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Mulika tochi ndani ya nafasi ya CF: kuna vipini vyembamba kama sindano, na kimoja kikipinda hiyo nafasi imekwisha. Tia kadi zote mbili uone kama kweli inaandika kote. Angalia skrubu za pale flashi inapokaa. Zikiwa na kutu, kamera hiyo imeishi ufukweni, na chumvi uliyoiona nje ipo na ndani.

Lenzi ya 24-105 usiipitie juujuu. Ile ya kwanza, ya 2005, ina ugonjwa unaojulikana: waya mwembamba bapa unaoendesha kidirisha cha mwanga huchoka kwa kukunjwa kila unapovuta lenzi, na kamera hutoa ujumbe wa Err 01. Ugonjwa huo hujificha ukipiga f/4, kwa kuwa kidirisha hakijasogea. Basi piga f/8 na f/11, ukiwa 24, ukiwa 50, ukiwa 105. Ikilalamika mara moja tu, waya umeanza kufa. Hutengenezeka, lakini gharama itoke kwenye bei yake, si mfukoni mwako. Kisha mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya vioo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani kuvu ni jambo la kawaida kabisa. Lenzi yenye kuvu usiiingize kwenye begi moja na zako.

Mambo hayo yakikataa, jibu la pili ni hili: sikiliza rafiki yako, chukua 80D nyingine ya mkono wa pili, na pesa itakayobaki itie kwenye lenzi inayofunguka sana, kama Sigma 18-35 f/1.8, ingawa hapo nalegeza lile sharti langu la EF bila S. Utapoteza kadi mbili na sensa kubwa, utapata giza lililopungua na kamera mbili zisizotofautiana hata kwa kitufe. Ni jibu la heshima. Ungekuwa na elfu sabini ningelisema la kwanza.

Siku ya kwanza ukiwa na mbili, linganisha saa zake mpaka sekunde. Hili laonekana dogo mpaka uketi na picha elfu mbili za usiku mmoja, za kamera hii zinasema bibi harusi kaingia, za kamera ile zinasema bado yuko chumbani. Zikikubaliana saa, programu yoyote itazipanga kwa mfuatano. Weka RAW, yaani faili ghafi, kote, na rangi ya mwanga iandike kwa namba, usiziachie zibahatishe zenyewe, maana kila moja itabahatisha kivyake chini ya zile taa za zambarau, na ngozi ya bibi harusi itakuwa na rangi mbili katika albamu moja.

Kuna jambo hukuliuliza na ndilo wateja wako wangeliuliza la kwanza. Kamera mbili ni kadi tatu ukumbini badala ya moja, na 5D ikiandika kote kuwili kila uso uko mahali pawili. Kina mama hao wamekuamini. Kamera ya pili isishikwe na mtu mwingine, hata binamu wa bibi harusi anayesema "nipe nipige mbili tatu". Ikiwa imepumzika, iwe begani mwako au begini, si juu ya meza ya keki. Wi-Fi ya 80D izime kabla hujaingia. 5D haina, na kwa kazi hii nakuhesabia hilo kuwa sifa. Kadi za SD zifute kwa ule mfuto wa ndani zaidi ambao Canon wameuweka kwenye menyu ya kuformati, kwa sababu kuformati kwa kawaida huacha picha zikiweza kurudishwa na mtu yeyote mwenye programu. Kadi za CF hazina mfuto huo, kwa hiyo usimwazime wala kumuuzia mtu kadi iliyopita kwenye kupamba. Kamera ikienda kwa fundi, iende bila kadi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha inayomtambulisha mtu inaingia humo, lakini mjini kwako sheria itakayokufikia kwanza ni ya maneno: picha moja ikivuja, hupati kazi tena kuanzia Likoni mpaka Kisauni.

Mzigo pia. 80D ni gramu 730, 5D na betri yake ni 950, bado lenzi na flashi. Mikanda miwili shingoni itakuumiza na itajifunga kama nywele. Vaa mmoja kwa kukatiza kifua, kamera ikae nyongani, na mwingine mfupi mkononi. Na dera la kitambaa cha kuteleza si vazi la kazi yenye kamera mbili. Mkanda hauishi kuteremka begani.

Mumeo usimbishie sana. Simu ya siku hizi inapiga vizuri, hata gizani, kwa kuunganisha picha kadhaa kwa haraka. Lakini simu ndicho kitu pekee ambacho mlangoni utavuliwa, na hata wakikuruhusu kwa kuwa wewe ndiwe mpigapicha, wageni wataona mtu ana simu ndani na nusu yao watarudisha mabuibui. Mwambie hivyo, atakuelewa.

Kile kikamera cha mfukoni nakielewa. Kitu kama Ricoh GR III, gramu mia mbili na hamsini na kitu, kinaingia mkobani na kutembea nacho vichochoro vya Lamu ni raha, punda wenyewe hawakijali. Lakini kina lenzi moja isiyotoka, na bibi harusi wako hakitamsaidia. Hicho ni cha pesa ya mwakani, kinunue kwa ajili yako bila kukipa kisingizio cha kazi.

Kakako usimwache hivi hivi, asije akaona umemdharau. Mwambie umepata kamera, na kwamba unachohitaji kutoka Muscat ni kadi mbili nzuri, moja ya CF na moja ya SD, zinunuliwe dukani penye risiti, kwa sababu kadi bandia zimejaa kila mahali. Na betri moja halisi ya LP-E6N, maana za bei rahisi huonyesha zimejaa kisha zikakata katikati ya wimbo. Kadi zikifika, zijaze picha za ukutani mpaka mwisho na uzifungue zote kwenye laptopu kabla hujaziingiza kwenye harusi ya mtu.